Hadithi ya rafiki yako: uiandike kwa "mimi" au kwa "yeye"?

Rafiki yangu aliondoka hapa Mombasa na masanduku mawili kwenda kufanya kazi za nyumbani Uarabuni. Alirudi na mkoba wa begani tu. Muda ulipopita na moyo ukatulia kidogo, akaniambia: "Shoga, wewe si waandika? Basi niandikie haya yangu, watu wajue." Nikakubali papo hapo. Nilidhani kazi iliyobaki ni kutafuta wasaa na kalamu.

Ilinichukua miezi minane na rasimu tatu kutambua kwamba sikuwa nimejiuliza swali la kwanza kabisa: katika hadithi hii, anayesema ni nani?

Nimeona niyaeleze niliyojifunza kwa sababu siku hizi wengi hapa Pwani tunaandika habari za wenzetu. Mmoja amerudi kutoka Uarabuni, mwengine alinusurika baharini, mwengine amepotelewa na mwana na hajui pa kumtafuta. Tunaandika kwa nia njema, aghalabu kwenye simu, na maneno husambaa mtaani kabla chai haijapoa. Suala la nafsi ya msimulizi laonekana la darasani, la mwalimu wa fasihi na wanafunzi wa kidato cha nne. Kumbe ndilo linaloamua nani atabeba mzigo maneno yakishatoka.

Njia zilizopo

Tuchukue tukio moja dogo. Rafiki yangu alipotua uwanja wa ndege wa Moi alfajiri, hakukuwa na mtu wa kumpokea, kwa sababu hakumwambia mtu kwamba anarudi. Tukio hilo laweza kuandikwa hivi:

"Nilitoka nje nikaangalia kushoto na kulia. Hakuna mtu. Nikakaa kwenye ukingo wa barabara nikahesabu pesa zangu."

Hiyo ni nafsi ya kwanza. Mwandishi ameazima mdomo wa mwenye hadithi.

"Alitoka nje akaangalia kushoto na kulia. Hakuna mtu. Alikaa kwenye ukingo wa barabara, moyoni akijua kwamba mama yake akimwona tu atafahamu kila kitu."

Hiyo ni nafsi ya tatu, na msimulizi wake ni maizi, yaani ajuaye yote. Anaingia hata moyoni mwa mtu akatoka na habari.

"Alitoka nje akaangalia kushoto na kulia. Akakaa kwenye ukingo wa barabara, akafungua mkoba, akahesabu pesa, akafunga."

Hii pia ni nafsi ya tatu, lakini msimulizi anabaki nje. Anasema macho yalichoona na masikio yalichosikia, basi.

"Unatoka nje, unaangalia kushoto na kulia. Unakaa kwenye ukingo wa barabara. Unahesabu pesa zako."

Hiyo ni nafsi ya pili. Msomaji mwenyewe anakalishwa pale ukingoni.

"Aliniambia kwamba alipotoka nje hakuona mtu. Nikamuuliza mbona hakunipigia simu mimi. Akaitazama chai yake, hakunijibu."

Katika hii ya mwisho kuna "mimi" na kuna "yeye". "Yeye" ndiye aliyepatwa na mambo, na "mimi" ndiye aliyekaa akasimuliwa. Njia hii husahaulika, ingawa ndiyo tunayoitumia kila siku barazani: "Fulani alinambia hivi, nami nikamwambia hivi."

Kila njia ina ahadi yake kwa msomaji. Ukisema "nilitoka nje", umeahidi kwamba anayesema alikuwepo. Ukisema "moyoni alijua", umeahidi kwamba unayajua ya moyoni mwake. Ukisema "aliniambia", umeahidi jambo dogo zaidi, kwamba uliambiwa, na ahadi hiyo unaweza kuitimiza bila wasiwasi.

Nilipoandika kwa "mimi"

Rasimu yangu ya kwanza niliiandika kwa nafsi ya kwanza, kama kwamba ni yeye anayesema. Niliona ndiyo yenye nguvu. Isitoshe alisema "niandikie", na zamani watu wetu walikuwa na desturi hiyo: asiyejua kuandika humwendea ajuaye, akamsomea maneno, barua ikatoka kwa "mimi" wa mwenye barua.

Nikamsomea. Tulipofika pale uwanja wa ndege, nilikuwa nimeandika kwamba machozi yalimtiririka. Akanizuia kwa mkono.

"Hapa waniliza. Mimi sikulia. Nilikuwa nahesabu nauli ya tuktuk."

Nilifuta machozi yale, lakini nikajua kosa si hilo peke yake. Yale machozi yalikuwa yangu. Mimi ndiye niliyelia aliponisimulia, kisha nikachukua kilio changu nikakitia machoni mwake. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Nilikuwa nimeandika habari za kunguni wa kitanda ambacho sikukilalia, tena kwa kiapo cha "mimi".

Mwandishi wa barua wa zamani hakuwa na shida hii kwa sababu maneno aliyatoa kwa mwenyewe, sentensi kwa sentensi. Hiyo ndiyo hali ambayo "mimi" wa mwenzako inafaa: pale maneno ni yake kweli, yamerekodiwa au yameandikwa anapoyasema, na jina la aliyeyapokea limewekwa wazi. Upo mfano mzuri kutoka mji wetu huu. Sarah Mirza na Margaret Strobel walirekodi masimulizi ya maisha ya wanawake watatu wa Mombasa. Kitabu kilitoka kwa Kiingereza 1989, kisha kwa Kiswahili 1991. Wanaosema "mimi" mle ndani ni wanawake wenyewe, na majina ya waliokusanya yako jaladani. Msomaji hana haja ya kubahatisha ni nani anayezungumza naye.

Kwa hivyo ukitaka "mimi" ya rafiki yako, washa kinasa sauti cha simu, kwa ruhusa yake, na uyaache maneno yake yalivyo. Ukianza kuyapamba, hiyo "mimi" si yake tena.

Nilipoandika kwa "yeye"

Rasimu ya pili nikahamia nafsi ya tatu. Nikambadilisha jina, nikabadilisha mtaa, nikajiona nimemsitiri. Kiswahili chenyewe kilinisaidia. Kiambishi "a-" hakisemi kama ni mwanamume au mwanamke. Unaweza kuandika ukurasa mzima wa "alifika, akaketi, akaambiwa" na msomaji asijue jinsia ya mtu. Anayeandika kwa Kiingereza hana sitara hiyo. Neno la kwanza tu limeshafichua.

Nafsi ya tatu ina heshima yake pia katika maandishi yetu. Shaaban Robert alipoandika habari zake mwenyewe katika Maisha Yangu alisema "mimi". Alipoandika wasifu wa Siti binti Saad, mwimbaji wa Unguja aliyefariki 1950, alimwandika kwa "yeye" akabaki mwandishi anayemtazama mwenzake. Mwandishi ni yule yule, lakini maisha yake aliyasema kutoka ndani, ya mwenzake akayasema kutoka nje.

Nikampelekea rafiki yangu rasimu hiyo. Akaisoma mwenyewe, polepole, akarudi ukurasa wa pili.

"Jina umelibadilisha," akasema, "lakini mama yangu umemuacha pale pale na karai lake."

Ni kweli. Nilikuwa nimeandika kwamba mama yake huuza viazi karai jioni, nikaeleza na kona anayokaa, kwa kuwa niliipenda picha ile. Mtaa mzima ungemjua kwa mstari mmoja. Mji wetu ni mdogo hata kama ramani yasema ni mkubwa. Watu hawatambuani kwa majina ya kwenye kitambulisho. Hutambuana kwa mama, kwa kazi, kwa mlango wa nyumba, kwa siku aliyoondoka na siku aliyorudi.

Kulikuwa na tatizo la pili. Mle ndani nilikuwa nimeeleza mwenye nyumba kule alivyofikiri alipoishika pasipoti ya rafiki yangu. Sijui mtu yule alifikiri nini. Rafiki yangu pia hajui. Nilikuwa nimejifanya msimulizi maizi, na katika habari ya kweli hakuna mwanadamu aliye maizi. Katika riwaya ni sawa, kwa sababu mwandishi ndiye aliyewaumba wahusika wake na nyoyo zao anazijua. Watu halisi hatukuwaumba sisi.

Ukweli hautoshi kuwa ruhusa

Baadhi ya wenzangu waliniambia: "Kwani kuna uwongo? Kama ni kweli, iandike." Hapa ndipo tunapojikwaa wengi.

Kwanza kwa upande wa dini. Mtume (S.A.W.) aliulizwa itakuwaje ikiwa lile linalosemwa juu ya ndugu ni kweli. Jibu lake, kama lilivyopokewa katika Sahihi Muslim, ni kwamba likiwa kweli, hiyo ndiyo ghiba yenyewe; na likiwa si kweli, huo ni uzushi. Wanazuoni, akiwemo Imam an-Nawawi, wameeleza hali ambazo kusema kunaruhusiwa, na mojawapo ni aliyedhulumiwa kutaja dhulma aliyofanyiwa. Lakini tuangalie vizuri: haki hiyo ni ya aliyedhulumiwa. Mimi mwandishi ninaibeba kwa niaba yake, kwa kiasi alichonipa na si zaidi.

Pili kwa upande wa sheria. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya faragha, ikiwemo habari za familia yake na mambo yake ya binafsi zisifichuliwe pasipo haja. Katika kesi ya kuchafuliwa jina, ukweli waweza kuwa ngao ya mwandishi. Katika suala la faragha, ukweli wenyewe ndio unaolindwa. Na kubadilisha jina hakumwokoi mwandishi ikiwa wanaomfahamu mtu huyo wamemtambua.

Tatu, na hili ndilo lililonikaa zaidi, hadithi ya rafiki yako si ya rafiki yako peke yake. Wamo mama yake, mumewe, watoto, na wenzake waliobaki kule. Yeye amekupa ruhusa. Hao hawajakupa.

Nilipoandika mahali nilipokuwa

Rasimu ya tatu niliianza upya kabisa. Nikaandika nilipokuwa mimi: jikoni kwangu, jioni, sufuria ya chai iko mekoni, naye amekaa juu ya kibao na leso begani akisimulia. Yale yaliyompata kule nikayaandika kama alivyoyasema. Maneno niliyokuwa na hakika nayo nikayatia ndani ya alama za usemi. Yale niliyoyakumbuka maana yake tu, nikayaandika kwa usemi wa taarifa, "alisema kwamba". Tofauti hiyo tuliisoma sote shuleni kama zoezi la sarufi, na huku nje ndiyo mpaka baina ya ushahidi na kumbukumbu.

Palipokuwa na jambo alilokataa kusema, nikaandika kwamba alinyamaza. Sikuliziba lile pengo. Ajabu ni kwamba hapo ndipo hadithi ilipopata uzito. Katika rasimu za kwanza nilikuwa nimeujaza ukimya wake maneno yangu, kumbe msomaji akiachiwa ukimya ule huusikia mwenyewe.

Njia hii si mpya. James Mbotela, aliyeandika Uhuru wa Watumwa uliotoka 1934, alikuwa mtoto wa mmoja wa waliokombolewa na kuwekwa Frere Town, upande wa Kisauni. Yeye mwenyewe hakuwemo ndani ya majahazi yale. Alichokuwa nacho ni kusimuliwa. Habari nyingi za Pwani yetu zimetufikia hivyo, kwa mtu aliyemsikiliza mtu. Si aibu kusema "niliambiwa". Aibu ni kujifanya ulikuwepo.

Lakini nafasi ya msikilizaji nayo ina mtego wake. Rafiki yangu alipoisoma rasimu ya tatu alicheka kidogo, akauliza, "Mbona wewe umejitaja sana?" Nikahesabu. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na chai yangu, jikoni yangu, huzuni yangu na usiku niliokosa usingizi. Yeye alianza kuonekana ukurasa wa pili. Nilipunguza. Msikilizaji abaki mle ndani kama mlango: msomaji apite aende kwa mwenye hadithi, asisimame kuutazama mlango.

Mtego wa pili ni kwamba nikitia jina langu nikasema "rafiki yangu", wanaonijua wataanza kuhesabu marafiki zangu kwa vidole. Kwa hilo tulikubaliana kubadilisha alama kadhaa, na kumwambia msomaji waziwazi kwamba zimebadilishwa. Hata makala haya ameyasoma kabla hayajatoka. Lile karai si karai. Tulichagua pamoja nini kiwekwe badala yake.

Na ile nafsi ya pili, ya "unatoka nje, unaangalia"? Niliijaribu kwa siku moja. Inafaa kwa aya fupi, pale unapotaka msomaji ahisi jambo kwa mwili wake. Ikiwa ndefu humchosha, na inamnyang'anya mwenye hadithi nafasi yake ikampa msomaji. Yaliyompata rafiki yangu yalimpata yeye.

Ukitaka kuandika ya mwenzako

Kabla hujaandika neno la kwanza, kaa naye umuulize mambo matano, na majibu yake uyaandike:

Anataka hadithi itoke kwa sababu gani? Anayetaka kuwaonya wasichana wanaotafuta wakala, na anayetaka kutua mzigo wake tu, hawahitaji maandishi ya aina moja. Huyo wa pili pengine hahitaji kuchapishwa, anahitaji kusikilizwa.

Ni nani asiyetaka aisome? Jibu lake litakwambia ni alama zipi za kubadilisha. Usianze na jina. Anza na mama, kazi, mtaa na tarehe.

Ni jambo gani lisitajwe kabisa? Asikueleze sababu. Akisema lisitajwe, lisitajwe.

Nani mwengine yumo ndani, na je, anajua?

Akibadilisha mawazo, tutafanyaje? Mwambie mapema kwamba ana haki ya kusema "acha", hata usiku wa kuamkia siku ya kuchapisha.

Baada ya hapo, chagua nafsi kwa kujiuliza ulikuwa umesimama wapi. Kama maneno ni yake neno kwa neno, iwe "mimi" yake, na ulitaje jina lako kuwa ndiwe uliyeyapokea. Kama una ushahidi wa watu wengi, barua, tarehe na waliokuwepo, waweza kuandika kwa "yeye" ukibaki nje ya nyoyo za watu. Kama ulichonacho ni kile alichokusimulia nyinyi wawili mmekaa, basi andika hivyo hivyo: mlikaa, akasimulia, ukasikia.

Kisha msomee kwa sauti. Usimtumie kwenye simu akaisoma baina ya shughuli. Kaa mbele yake usome, umtazame. Mahali atakapokunja uso, hapo pana kosa lako, hata kama yeye mwenyewe hajui kulitaja.

Mimi na rafiki yangu tulimaliza rasimu ya tatu. Alichukua kalamu akafuta sentensi mbili, moja niliyoipenda kuliko zote, nami sikubisha. Kisha akaikunja karatasi akaitia mkobani mwake. Anaye binti anayejiandaa kwa mtihani wa kidato cha nne, na amesema tungoje amalize, aisome yeye kwanza kabla ya mtu mwengine yeyote, kisha ndiyo tujue kama itatoka au haitatoka. Kwa hivyo hadithi yake bado ninyi hamjaisoma. Iko kwa mwenyewe.